Nilivyoifanya Kompyuta Yako Iwe Nyepesi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umekaa, goti limekupa likizo kidogo, na wajukuu hawajamalizia kuvunja vikombe vilivyobaki. Huku kwetu tunaendelea vizuri. Wifi yako anakusalimu sana na anasema lile gauni ulilomshonea bado linamtosha, jambo ambalo mimi nimeona busara kutolizungumzia.

Habari kubwa ni ya kompyuta yako. Hivi, dada, ulikuwa unaishije na kitu kile? Unajua mimi napuliza dawa ya wadudu mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimeingia nyumba ambazo wenyewe walihama wakawaachia mende funguo. Nimeona kwa macho yangu kunguni wakishusha godoro ngazini, wanne mbele, wanne nyuma, na mmoja kando anaelekeza. Lakini nilipoigeuza kompyuta yako na kuigonga mgongoni, nilirudi nyuma hatua mbili. Yalitoka makombo ya biskuti, nywele, kipande cha kucha, sukari iliyoganda na chai, na mende mmoja mwenye masharubu ambaye alinitazama kama vile mgeni ni mimi. Wifi yako alipiga kelele kwamba takataka hiyo itoke juu ya meza anayokatia mboga. Nikaihamishia barazani, nikasugua kitufe kimoja kimoja kwa mswaki. Huo mswaki sikuutupa tu, niliuchoma moto.

Na huo ulikuwa uchafu wa nje. Ndani ndiko kulikonitapisha. Nawasha, naenda kuoga, navaa, nakunywa chai, ndipo inafungua jicho moja. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukigusa chochote, kinaibuka kidirisha kukutaka usasishe programu. Ukikifunga kinakuja cha pili kukuuliza kwa nini umefunga cha kwanza. Wewe mwenyewe ulinilalamikia kwamba ukiandika habari za uchungu, maneno yanatokea mtoto akishazaliwa. Nilicheka siku ile, kumbe hukutia chumvi.

Ulinipa kazi yenye masharti mawili. Niitafutie mfumo mwepesi wa kuiendesha, na kitabu chako kilichomo kisiguswe. Kitabu cha miaka kumi na tisa ya ukunga: kila mtoto aliyetanguliza miguu, kila mama aliyevuja damu na ulichomfanyia, ili wanafunzi wako wapate pa kushika utakapostaafu mwisho wa mwezi huu. Nilikujibu kwamba unaongea na bingwa, ukalale.

Nikaenda kwa fundi mmoja mwanamke nyuma ya stendi, tunamwita Bi Kimya kwa sababu hanyamazi. Akaifungua, akaziba pua, akaniuliza kama nimeiokota. Akanieleza kuwa ina gigabaiti mbili tu za kumbukumbu, na kuiwekea mfumo mpya wa siku hizi ni kumvika mtoto mchanga koti la askari. Akasema ipo mifumo ya bure ya jamii ya Linux, na mingine imetengenezwa makusudi kwa mashine zilizochoka. Angenipa mitatu kwenye flashi; niwashe kompyuta kwa flashi hiyo, nijaribu mmoja mmoja bila kugusa kilichomo ndani, na nitakaoupenda ndio niuweke. Alipoanza kunieleza habari ya kunakili mafaili kwanza, nilimkatiza. Nilimwambia mimi niliwahi kufufua kompyuta ya benki kwa waya wa antena. Akauliza ni benki gani. Nikasema ilishafungwa. Akasema hashangai.

Mfumo wa kwanza ulikuwa mrembo kupita kiasi. Madirisha yanapepea kama mapazia, picha zinarukaruka. Lakini kabla sijafungua kitu hata kimoja ulikuwa umeshameza kumbukumbu karibu yote, na feni ikaanza tena kunguruma. Uozo ule ule uliopakwa manukato. Wa pili ulikuwa mwepesi mpaka ukawa haupo. Kioo cheusi tii, na kistari cheupe kinakonyezakonyeza kusubiri amri. Nikauandikia: habari yako? Ukanijibu kwamba haujui amri hiyo. Sijadharauliwa hivyo tangu mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Wa tatu ndio ukanituliza. Ukanda mmoja chini, orodha ya programu, pa kuandikia, basi. Uliwaka kabla sijajiweka sawa kitini. Nikaandika jina lako, herufi zikatokea hapo hapo, na feni kimya.

Nikaanza kuuweka. Katikati ukaniuliza: niuweke kando ya ule wa zamani, au nifute diski yote? Dada, nikafikiria ule uozo wote ubaki humo, chumba cha pili, ukuta tu katikati. Mwili ukanisisimka. Nikachagua kufuta. Ukauliza kama nina uhakika. Nikaona unanichokoza, nikabonyeza kwa nguvu.

Kwa wiki nzima nilikuwa mtu mkubwa mtaani. Kinyozi alikuja kuitazama, fundi cherehani akaja, nikawawekea filamu za ngumi na nyimbo za ujana wetu, nikajaza mpaka ikajaa. Jumapili nikakupigia simu. Nilikwambia kompyuta inaruka na kitabu chako kimo, salama salimini. Hilo nililisema bila kuangalia.

Jumanne wifi yako akaomba nimsomee ile sehemu ya siku ulipomzalisha mtoto wetu wa kwanza. Nikatafuta. Hakuna. Akaniuliza kiko wapi, nikasema kimejificha. Niliendelea kusema kimejificha mpaka akaniondokea.

Ndiyo hivyo, dada. Nimekifuta kitabu chako. Kwenye simu singeweza, maana ungenyamaza na mimi ningeanza kuongea.

Nilirudi kwa Bi Kimya, na safari hii alistahili jina lake. Kisha akaniuliza nawaambiaga nini wateja kabla ya kupuliza dawa. Nikamjibu: toeni nje vyombo, chakula na watoto. Miaka yote hii sijawahi kumpulizia mtu juu ya sufuria yake, dada, wala mara moja. Juu ya kitabu chako nikapuliza. Akanieleza kuwa hata baada ya kufuta, mengi yangeweza kuokolewa kama ningeiacha hapo hapo. Nyimbo zangu na zile ngumi za kipuuzi ndizo zilizoandikwa juu ya kazi yako. Nikizikumbuka sasa natema mate. Kinyaa nilichonacho juu yangu mwenyewe hakuna dawa ya kukipulizia, na najua ninachosema.

Ameihangaikia siku mbili. Amepata kurasa thelathini na moja kati ya mia mbili na kumi, na nyingi zimekatika. Nimeziweka sehemu tatu tofauti, na nakala moja nimeichapisha kwenye karatasi.

Jumamosi nakuja na kompyuta yako. Nimeomba likizo yote ya mwaka. Wewe utasema, mimi nitaandika kwa kidole kimoja, hata kama kabla ya kila ukurasa utanitukana kwanza. Sitaongeza neno langu hata moja. Ukiona hutaki kuniona, mwambie shemeji aipokee mlangoni, mimi nitakaa nje na kuandika kupitia dirisha.

Ila nakuomba tuanze na ukurasa mmoja. Ni ule wa yule mama wa siku ya mvua kubwa, aliyezaa kabla ya mwezi wake. Umeandika kwamba mtoto hakulia, na mama akakuuliza kama anapumua, nawe ukamjibu... na hapo ndipo ukurasa unapokatika. Wifi yako kila asubuhi ananiuliza ulimjibu nini. Miaka yote hii sijawahi kukosa mwisho wa hadithi, unanijua. Huu nimeshindwa kuubuni.

Msalimie sana shemeji, wabusu wajukuu, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.