Laptop Yetu Imekatazwa Kula Mbele ya Kutiwa Sisteme Mupya

Mutoto wangu Vainqueur ametoka sasa hivi kutia ndagala, samaki ndogo, mu tundu ya laptop, pale kunaingiaka kle ya USB, juu anaihurumia, anasema "mama, iko na njaa", na sikumupiga juu ni kweli tumeinyima kula, na njo sababu ninakuandikia, mushauri wetu Mama Josée, unisaidie.

Laptop ni ya zamani, bwana yangu Niyongabo aliinunua ikiwa imeshatumika, na fundi Dieudonné wa Kasenga akasema inaweza bado kubeba sisteme mupya, lakini ni sawa operesheni kubwa, tuitayarishe vizuri, akapanda pikipiki yake akaenda. Sasa mamamukwe wangu Apollinarie alifagiaka hospitali zamani, akasema muntu wa operesheni hakuli kitu, akaficha sharjeri chini ya vitenge vyake, akaifunika laptop blanketi, na majirani wa hapa Songo wanakuja kuipa pole, hata shemasi aliiuliza kama imesamehe watu wote. Nikasema, "Mama, si itazimika?" Akanijibu, "Weye ulizaa kwa operesheni. Ulikula?" Na kweli, sikukula.

Lakini chenye kinaniumiza ni kwamba anasema tumbo ya mashine itolewe mizigo, na anataka tufute video ya mama yangu Candide, marehemu, akimuimbia Vainqueur akiwa mutoto muchanga, eti wafu wako wazito, lakini filme za karate za Niyongabo zibaki juu wale wako wazima. Minye sina sauti ingine ya mama. Na hiyo sisteme mupya naitamani, nijifunze kuandikia watu barua na karatasi zao kwa malipo kule Kasenga. Fundi anarudi kesho, nikikataa nitaonekana ninazarau mukubwa, nikikubali basi nita... ngoja, mamamukwe ananiita, shemasi amerudi na mafuta, anataka kuipaka ku

*

Mama Vainqueur, acha kalamu ukimbie. Mafuta yasiguse ile mashine.

Halafu izime, utoe ndagala polepole kwa kijiti kikavu. Sharjeri itoke chini ya vitenge leo hii. Mgonjwa hali kwa sababu anaweza kutapika akiwa amelazwa, laptop haitapiki. Umeme ukikatika katikati ya kazi ndipo mtakaa matanga kweli. Laptop ijae chaji, na ibaki imechomekwa mpaka fundi amalize. Blanketi toa, inataka hewa.

Mama mkwe wako amesema kweli kwa jambo moja, mashine inahitaji nafasi. Ila wafu hawana uzito. Karate moja ya Niyongabo inajaza kuliko video ya mama yako mara nyingi, kwa hiyo Niyongabo atachagua ipi aage. Nawe pia, nyumba nzima inaipa laptop pole, unatazama tu? Mwambie mkwe kwa upole, ukiwa umepiga magoti ukitaka, lakini mwambie.

Kabla fundi hajagusa kitu, nakili video ya Candide kwenye kle, uende uifungue kwenye mashine ya mtu mwingine. Sikiliza wimbo mpaka mwisho. Ukimsikia mama yako, mwambie Dieudonné aanze. Usipomsikia, hata shemasi akiagiza, hakuna wa kubonyeza.