Guka Nahashon, Lavenda Yako Imechipua

Mama Kawsar wa mlango wa pili anaapa kwamba ulirudi. Anasema Jumanne moja mwezi uliopita, akitoka asubuhi kuteka maji, alikuona kwa macho yake mawili. Umeinama pale ukutani na koti lako la kazi ya reli, unakata lavenda. "Wallahi ni yeye," anasema. "Nani mwingine huambia maua pole?"

Mwaka umetimia, Guka, babu wa nyumba hii, tangu ututoke, na hapa Kaloleni bado unasemwa kama mtu aliyetoka kidogo tu.

Ulipochanganya udongo na kokoto watu walikucheka: "Mzee, unapanda ama unajenga?" Wakakulaumu kwamba unayanyima maua maji. Ukawajibu, "Huyu ni mtoto wa milima ya mawe. Ukimdekeza anakufa." Halafu hao hao ukawafungia vishada vya kuweka kabatini, nguo zinukie.

Ulipoondoka tuliyasahau hayo. Kila aliyekuja kutupa pole alimwagia maua yako maji, kwa upendo. Mvua nayo ikaongeza. Vichaka vitano vikaoza mizizi. Kikabaki kimoja cha pembeni, kimerefuka, kimelala upande kama mlevi. Kilihitaji kukatwa, lakini nani angethubutu? Mwanao Maingi alisema, "Mkikosea hicho, hatuna kitu chake tena."

Nduta, mjukuu uliyezoea kumtuma makasi, alikuwa amekutazama miaka yote bila kuuliza. Alijua unangoja maua yakauke. Alijua unaacha majani kidogo kila tawi, na shina kavu la chini huligusi. Jumanne hiyo kulikuwa na baridi. Akavaa koti lako, akainama, akaanza: "Pole, pole, ni kidogo tu."

Wiki tatu tulikuwa tunachungulia kila asubuhi. Sasa kimejaa vichipukizi, Guka, na kimekaa mviringo vile ulivyopenda.

Juzi Mama Kawsar alituletea sambusa, akashusha sauti: "Akija tena, mwambieni anikatie kijiti nipande. Aliniahidi." Tukatazamana. Nduta akaangalia koti lililoning'inia mlangoni.

Ni sisi wako: mkeo Jerioth, wanao Maingi na Jacky, wajukuu Nduta na Owen. Kila tutakaposhika makasi yako, tutakukumbuka.