Kosa Nililoandika kwa Makusudi

Chumba cha juu, nyuma ya shule
Ijumaa jioni

Mpendwa Mjomba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti linasemaje huko kwenye baridi? Natumaini mwanao hakupandishi ngazi ovyo. Mimi ni mzima wa mwili, ila nyumba imepoa tangu uhamie kwake. Siku hizi nakula nimesimama jikoni, sahani mkononi, maana mezani hakuna wa kunibishia.

Shuleni mambo yalikuwa yamenifika kooni. Unawajua wanafunzi wangu wa somo la dini: waulize nguzo za udhu, watakumwagia zote, waulize kwa nini, wanatazama viatu. Basi juzi nikaandika kosa ubaoni makusudi: msafiri mwenye maji ya kunywa tu lazima atawadhe kwa hayo hayo, hata kiu ikimuua. Nikasubiri waruke. Wapi! Darasa zima likainama kunakili, na mmoja akauliza kama wapige mstari kwa kalamu nyekundu.

Nikawaambia wakalipime nyumbani. Wao wakalikariri. Binti wa fundi cherehani akamsomea baba yake kwa ghibu, na asubuhi fundi alikuwa kwa mwalimu mkuu, futi kamba bado shingoni, akilalamika kwamba nawapotosha watoto. Mkuu akanikatia shauri: nirudi kuwasomea nukuu waandike, au somo apewe mwingine. Walimu wenzangu waliinamia vikombe vyao vya chai. Nilijiona mkiwa, Mjomba, sikufichi.

Leo niliingia darasani na nukuu mkononi, moyo chini. Kabla sijafungua mdomo, binti wa fundi akasimama. Wenzake humwita Kimya.

"Samahani mwalimu, lile la juzi mimi silikubali. Mungu katukataza kujiua. Maji ayanywe, kisha atayamamu kwa udongo. Dalili yako wewe iko wapi?"

Nyuma mwingine akadakia, "Na kama mwenye kiu ni punda wake je?"

Hapo likawaka! Walibishana mpaka kengele, na mkuu alikuwa dirishani muda wote. Aliniambia tu niendelee, ila kosa nisililaze ubaoni.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilipofungua mlango, "Mjomba!" ilikuwa imeshanitoka, ndipo nikaona kiti chako kimejaa nguo za kupiga pasi. Nililia kidogo. Kisha nikaziondoa, nikakaa mkabala nacho, nikaanza kukuandikia.

Nisalimie mwanao na mkewe, na yule mjukuu wako mbishi. Mungu akuponye goti, akuhifadhi, na atukutanishe tena meza moja.

Nijibu upesi, Mjomba, na tafadhali usinikubalie.

Mpwa wako akupendaye,
Mwalimu wa ghorofani