Ramani Kubwa Zinapoteza Lebo

Jumatatu, 15 Juni
Baridi. Nanakili faili tangu asubuhi. Ramani za mashamba ya vijiji, kutoka hifadhi ya zamani ya mtandaoni kwenda mpya. Najaribu maktaba mbili za programu, yaani misimbo iliyoandikwa tayari ya kunakilia, tuchague moja. Faili ndogo zimefika salama kwa zote mbili. Bwana Sengo, mkuu wetu, anataka jibu Ijumaa, ili hifadhi ya zamani ifutwe kabla mwaka wa fedha haujaisha. Mkataba wangu nao unaisha na mwaka wa fedha. Hajasema lolote. Naogopa kuuliza.

Jumanne, 16 Juni
Leo ramani kubwa. Hatukuanza nazo kwa sababu zinachelewa, na mkuu hupenda kuona kazi ikikamilika akiwa bado amesimama mgongoni kwako. Maktaba ya kwanza, sawa. Ya pili, anayoipendelea mkuu, ikikuta faili kubwa huikata vipande, huvipeleka, huviunga upya. Picha inafika nzima. Lebo haifiki. Jina la kijiji, tarehe ya upimaji, hakuna. Na faili zetu zimepewa namba tupu. Ramani ya Gulwe imefika, ila haijulikani tena kuwa ni Gulwe. Nimerudia. Vilevile.

Jumatano, 17 Juni
Nimemwambia.
"Picha ipo?"
"Ipo, Mkuu."
"Sasa lebo ya nini, kijana? Unauza soda?"
Ofisi nzima ikacheka. Baadaye akaniita pembeni. Kwenye kikao cha Ijumaa niseme maktaba yake imepita. Juni, akasema, ni mwezi wa kukumbukana. Nimeelewa. Namchukia.

Alhamisi, 18 Juni
Sijala. Zulfa wa meza ya jirani, naye wa mkataba kama mimi, kaninong'oneza: "Kaka, sema imepita. Wakikutoa, Gulwe watakulisha?" Hajakosea. Namchukia na yeye, kidogo.

Ijumaa, 19 Juni
Kikaoni, Mkurugenzi aliuliza faili kubwa zimekuwaje. Mkuu akanikazia macho. Sauti ilinitoka kama ya mgonjwa. Nikasema kwa maktaba ya pili zinapoteza lebo. Nikafungua ile nakala ya Gulwe kwenye skrini ya ukutani. Mkurugenzi akauliza ni kijiji gani. Akamgeukia Bwana Sengo, naye akapekua makaratasi yake.
Ufutaji wa hifadhi ya zamani umesimamishwa. Kisha Bwana Sengo akasimama, akaeleza kuwa ni utaratibu wake kutoamini jaribio la faili ndogo pekee. Akapongezwa kwa umakini. Wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mikono hii hii.

Jumanne, 30 Juni
Zulfa kaongezewa mkataba. Mimi sikuitwa. Mchana nimemkabidhi mlinzi kitambulisho, nikatoka ofisini Mtumba bila kuaga ghorofani.
Nimefika nyumbani Miyuji jua lingalipo. Nimefua mashati ya kazini. Upepo umeyakausha mapema. Zulfa katuma ujumbe: wamenakili upya kwa maktaba ya kwanza, Gulwe imefika na jina lake. Sijamjibu. Nimeyakunja mashati, nikayaweka chini kabisa ya sanduku.