Neno Moja kwenye Ukurasa wa Mama Anastazia

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa na kahawa umeianua kabla mvua haijakushtukiza. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa kinyaa, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Uliniuliza kazi yangu hapa ni ipi hasa. Kiwanda kilipouzwa, wenye mali wapya walileta kompyuta moja kubwa, tunaiita seva, inayozitawala nyingine zote. Ndani yake kila kompyuta, sisi twaiita mashine, ina ukurasa wake: inaitwaje, iko chumba gani, ni ya kundi gani, inaruhusiwa kufungua nini. Mimi ndiye ninayejaza kurasa hizo. Nikibadili neno moja tu, mashine iliyo ng'ambo ya uwanja inatii mara inapowashwa.

Juma lililopita meneja alinipa orodha ya mashine kumi na moja, akataka niziingize kwenye kundi jipya aliloliita "Ondoa". Zikiwashwa, zijifute. Nikamuuliza kama wanaozitumia wameambiwa kwamba kazi yao imekwisha. Akasema hayo hayanihusu. Wakilalamika niwaambie ni virusi.

Ya kwanza ilikuwa ya Mama Anastazia, mtunza ghala, Mluguru wa Mgeta. Nilipofika mji huu sina ndugu, yeye ndiye aliyenipa godoro la kulalia. Ijumaa nikaandika lile neno kwenye ukurasa wa mashine yake. Haikupita saa moja akaja mwenyewe, ana mfuko wa njegere alizoniletea kutoka kwao, akauliza mashine yake imepatwa na nini.

Nikamjibu ni virusi. Akanishukuru, akaziacha njegere mezani, akaenda zake.

Nikamfuata ghalani, nikamweleza yote. Hakushtuka. Aliendelea kukunja koti lake la kazi.

"Habari hizi tunazo tangu mwezi uliopita, mwanangu," akasema. "Nilikuja kuona kama na wewe utanidanganya."

Nikarudi kwa meneja, nikamwomba basi awaite waliobaki awaambie kwa mdomo wake. Hata uso hakuinua.

"Nimekupa orodha ya mashine," akasema. "Sijakupa orodha ya watu."

Nikamaliza zile kumi. Jumatatu wenye mashine hizo wakakaa mbele ya vioo vyeusi wakitazamana, kisha mlinzi akaanza kuwafungulia geti mmoja mmoja. Meneja akanipiga begani kunipongeza. Shati lile nimelifua mara mbili, bado sitaki kulivaa.

Nami nimebaki kazini. Ningeweza kukuandikia kwamba niligoma, lakini nisingependa kukudanganya na wewe.

Nisalimie dada na wanawe, na shangazi anayekukandia mguu. Baba mdogo aliyeomba nimtafutie binti yake nafasi hapa, mwambie nafasi zipo, tena kumi na moja. Ila asimlete.

Mwanao,
Gaudensi