Sori Haifiki Kizingitini

Tabora, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Murtadha,

"Sori ni neno kamili, dada. Dunia nzima inalitumia na watu wanasameheana." Ndivyo ulivyoniandikia juzi, na kabla hata ya salamu nakukatalia. Sasa salamu: assalaam alaykum. Sisi hatujambo, isipokuwa mama. Miguu imevimba, hatoki tena kitandani bila kushikwa. Sheima hajambo?

Neno kamili! Hapa mjini nashinda nalo. Bodaboda akinirushia tope, sori. Nesi akikosea mshipa, sori. Muuza duka hana chenji, sori. Mwanafunzi wangu hajasikia swali: "Sori, madamu?" Anayetaka kupita, sori, anayenipa mkono msibani, sori. Neno linalotumwa kazi zote hizo limechoka, Murtadha. Pole tunampa aliyeumia. Samahani tunamwomba tunayempita. Aliyemkosea mama yake huomba radhi, na radhi haiombwi bila kutaja kosa.

Hili unalijua. Babu zetu walipotoka hapa na misafara, kwenda Ujiji au pwani, hakuna aliyefunga mzigo kabla ya kusimama kwenye kizingiti cha mama yake, akashika mwimo wa mlango, akasema: nilikukosea hiki na hiki, niwie radhi. Mama hujibu akiwa ndani. Marehemu baba alifanya hivyo hata akienda Nzega tu kununua karanga.

Wewe ulimwacha Sheima kwa mama tangu mkeo alipofariki. Mama akamlea hadi darasa la tano. Kisha ukaja kimya, ukamchukua shuleni na sare yake, mkapanda treni ya Dar. Mama alikuwa amemfunikia matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, na karanga chini ya kawa. Baada ya magharibi ikaingia meseji: "Sori mama."

Anataka kitu kimoja kabla hajafa: asikie sauti yako ikitaja ulichofanya. Piga.

Dada yako,
Taghreed

*

Maskati, 25 Februari 2024

Shikamoo dada,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, Sheima anazidi kurefuka. Mpe mama pole.

Wewe kila kitu unakigeuza makala ya gazeti. Ningekuja mlangoni mama angelia, Sheima angelia, na mimi ningeondoka peke yangu kama nilivyoondoka kila mara. Ni mwanangu! Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kumchukua mwanawe? Huku kazini nasema sori kwa Mhindi, kwa Mfilipino na kwa bosi, na siku inakwisha salama.

Kupiga siwezi. Nikisikia "marahaba baba" ya mama, mdomo utafungika.

Na usimwandikie Sheima. Aliuliza sana kwa nini bibi hakutoka kumuaga. Nikamwambia bibi amechoka kulea. Ameshanyamaza, usimchimbue. Sori kama nimekuudhi.

Mdogo wako,
Murtadha

*

Tabora, 21 Machi 2024

Murtadha,

Ramadhani karimu. Mama amelala, nyumba imetulia, na mimi nakuandikia kwa hasira. "Bibi amechoka kulea." Umemwibia mtoto nyumba yake, kisha ukamwibia na bibi aliyekuwa ndani.

Jana Paskazia wa Bukene, jirani anayemkanda mama miguu, alikuwa hapa. Mama akamuuliza, "Simu imelia?"

"Bado, mama. Kwani huko Maskati midomo inakodishwa?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia mimi. "Taghreed, wewe ndiye hodari wa maneno. Mwandikie aseme tu: mama, nilimwiba. Nitamjibu kabla hajamaliza."

Umesikia? Jibu analo tayari. Ulichomwambia mtoto sikumwambia mama. Huo mzigo ubebe mwenyewe. Ametaka kitanda kisogezwe karibu na mlango, na simu iwe kwenye mto. Piga leo.

Dada yako,
Taghreed

*

Maskati, 4 Aprili 2024

Dada, sori. Binamu Musab amenipigia sasa hivi. Sori sana kwa msiba. Simu nilikuwa nayo mkononi kila siku. Sori.

Murtadha

*

Tabora, 12 Mei 2024

Murtadha,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi. Sikiliza jinsi mama yetu alivyoondoka.

Ilikuwa kabla ya futari. Simu ikalia kwenye mto. Akaipapasa, akaiweka sikioni, hakungoja neno. "Marahaba baba," akasema. "Niko radhi nawe. Sheima amekula?" Nikasogea. Nikasikia sauti ya mashine ikitangaza vifurushi vya intaneti, bonyeza moja, bonyeza mbili. Mama anaisikiliza, anatabasamu. Mimi, ninayegombana na dunia nzima kwa ajili ya ukweli, sikuichukua ile simu. Kulipokucha hakuwepo.

Usijifariji. Radhi ile ilikwenda kwa tangazo, kwa kuwa mwanawe alikuwa ameshika simu mkononi bila kupiga. Na usinitumie sori nyingine. Zako zote ninazo, hakuna hata moja inayosema ulifanya nini.

Kizingiti cha mama kimefungwa. Kwako kimebaki kimoja, cha chumba cha Sheima. Nenda leo. Usiingie, usikae, usimnunulie kitu kwanza. Shika mwimo wa mlango umwambie: bibi yako hakuchoka. Nilikuiba shuleni naye amekufunikia chakula, kisha nikakudanganya. Mpaka alipokata roho alikuwa anauliza kama umekula. Yaseme yote, kwa sauti, mpaka mwisho. Ukifika katikati ulimi ukakimbilia sori, imeze, uendelee.

Dada yako,
Taghreed