Kwa Nini Tulimwita Vuk

Kijijini, mwezi wa Aprili, 1934

Kaka yangu mpendwa, Padri Milisav,

Nakusalimu wewe, wifi Darinka na watoto wote. Mguu wako unaendeleaje? Nilisikia umeanza kusimama kanisani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Sisi huku mlimani miili ni mizima. Miplamu imechanua na kondoo wamezaa vizuri. Mkwe wangu Rosanda alijifungua mtoto wa kike wakati wa Kwaresima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Wiki mbili zilizopita huyo mjukuu alishikwa na homa. Hakunyonya siku tatu. Unamkumbuka Petrija, yule mjane mkunga? Binti yake Cveta amefiwa na mume, akarudi kuishi katika nyumba ya mama yake. Mwanangu Vuk alipolisikia hilo, akasema mchawi amerudi. Akawa anawasimulia vijana wenzake habari za jina lake, kama alivyosimuliwa na bibi yake: kwamba nilizika watoto watatu, kwamba Petrija alikuwa anakula mioyo yao, na kwamba yeye alipozaliwa, baba yake alisimama mlangoni akapaza sauti, “Mbwa mwitu jike amezaa mbwa mwitu! Sikieni nyote!” Wakampa jina hilo la mbwa mwitu, Vuk, maana wachawi, hata waliokwisha kufa, humwogopa mnyama huyo. Akaishi. Hapa kwetu kila mtu anaijua hadithi hiyo, na wapo waliowaita wana wao Vuk kwa sababu ya wangu.

Alhamisi asubuhi alichukua shoka aende kwa Cveta. Akaniambia, “Mama, pisha. Jina langu lilimshinda mama mtu, litashindwa na binti?”

Sikupisha. Kaka, nilichomwambia pale mlangoni nakuandikia na wewe, kwa sababu uliniozesha katika nyumba hii na hukuwahi kujua ulimwacha nani humu.

Mtoto wa kwanza alikufa kwa ugonjwa, sijui upi. Wa pili na wa tatu niliwaua mimi. Mama mkwe alitaka niwe shambani kabla umande haujakauka, na mtoto akilia aliniita mvivu. Nikawa nachemsha vichwa vya mpopi, ua lile la afyuni, nawanywesha maji yake ili walale. Walilala. Wa pili hakuamka, nikajiambia ni mapenzi ya Mungu. Kwa wa tatu, Petrija alikuja akamfunua kope, akanitazama. Alisema, “Stamenka mwanangu, unampa nini huyu? Acha. Atakufa kama mwenzake.” Sikuacha. Yalikuwa mavuno. Baada ya siku nne tulimzika.

Majira ya baridi yalipoanza, mama mkwe aliniuliza mbele ya majirani ni nani wa mwisho kumshika mtoto. Nilijua Petrija akiulizwa atasema. Nikamtaja yeye.

Walimvunjia mlango, wakamtupia vyombo nje kwenye theluji, wakamwambia asionekane tena. Hakuna aliyempokea wala kumpa hata mkate. Walimkuta bondeni barafu ilipoyeyuka, wakamfukia nje ya uzio wa makaburi bila msalaba. Mimi nilikuwa na mimba ya Vuk. Alipozaliwa sikumpa maji yale hata tone moja. Akaishi, nao wakalisifu jina. Nikanyamaza miaka ishirini na mitatu.

Vuk alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza, “Kwa hiyo ni wawili?” Nikamwambia ni watatu, ukimhesabu Petrija. Akaliegemeza shoka ukutani, akaingia ndani kwa mkewe. Homa ya mtoto ilishuka kesho yake, yenyewe. Lakini Vuk amemwambia Rosanda asiniachie mtoto mikononi, na tangu siku hiyo hajaniita mama.

Jumamosi nilikwenda kwa Cveta. Alikuwa anachambua sufu kizingitini, hakunikaribisha kukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakulia. Akasema, “Mama aliniambia kabla hajaenda. Nilikuwa na miaka kumi, nani angenisikiliza? Mimi huna jipya la kunipa. Kawaambie waliovunja mlango.”

Wengi wao bado wapo hai. Jumapili ijayo, watu watakapotoka ibadani, nitasema mlangoni pa kanisa. Sijui watanifanya nini. Usije kunitetea. Lakini ukiweza, njoo umsomee Petrija sala alizonyimwa, na useme na padri wetu asogezwe ndani ya uzio.

Nawabusu watoto wako. Usiwasomee haya mpaka wakue, na wifi umwambie wewe mwenyewe, polepole. Mungu akulinde na akuimarishe mguu.

Ni mimi dada yako, kama bado utaniita hivyo,
Stamenka